Ushauri Kutoka Bumala

Emorut aliuawa mchana kweupe, kando ya foleni ya malori Malaba, na waliomuua walikuwa wakimjua kwa sura. Asubuhi ya siku ile mwendesha boda mmoja alikuwa ameokotwa mtaroni, koo limekatwa, pikipiki haipo. Emorut alipotokea stejini na pikipiki nyekundu aliyoazimwa na fundi aliyemwajiri, mtu mmoja akapaza sauti kwamba ndiyo hiyo. Hakuna aliyejisumbua kuangalia nambari. Walimvuta chini wakamvunja magoti kwa spana za magurudumu, wakampiga mawe mpaka uso ukapoteza umbo, kisha wakamvisha tairi na kummwagia petroli.

Dada yake, Alaso, alikuwa akishona sare za shule upande wa pili wa soko. Alipofika, umati ulikuwa unatawanyika kama watu wanaotoka mechi, na moshi mweusi ulikuwa bado chini chini. Baadaye pikipiki iliyoibwa ilipatikana ng'ambo, Uganda. Polisi walipouliza, kila mtu pale stejini alikuwa ametazama kwingine. Hakuna aliyekuja kumpa Alaso pole iliyofanana na kuomba radhi.

Emorut alikuwa kama mtoto wake wa kumzaa. Mama yao alifariki Emorut akiwa bado anatambaa, na Alaso, ambaye mwenyewe alikuwa msichana wa shule, ndiye aliyembeba mgongoni. Tangu alipojua kusema, Emorut alimwita toto, neno ambalo kwa Kiteso ni mama. Hata alipoota ndevu hakuliacha.

Alaso alikuwa msomaji tangu zamani. Jioni alijipumzisha na riwaya, na kwa simu yake alikuwa ameingia katika kundi moja la wasomaji na waandishi wa huku mpakani, lililoanzishwa na Abdulnoor, mwenye duka la vitabu na kalamu mjini Busia. Humo watu walirusha hadithi zao, wakaomba ushauri, wakapewa, wakakasirika, wakapatana. Alaso alijiita Nyota. Kwa muda mrefu alisoma tu bila kuchangia. Kisha, mwaka wa pili baada ya kifo, akaanza kuandika.

Aliandika habari za kijana asiye na jina anayeuawa na umati katika mji usiotajwa. Mpaka wa Uganda aliuondoa, Kiteso hakukigusa, na dada hakumweka kabisa. Lakini kila alipofika pale moto unapowashwa, mkono uligoma. Ndipo akaibandika hadithi kundini, akauliza: kijana huyu, katika dakika zake za mwisho, afanye nini?

Ushauri ulimiminika. Vivianne, mwanafunzi wa chuo pale Alupe, alisema moto uwe ndio mwanzo wa hadithi, msomaji ashikwe shingo tangu mstari wa kwanza. Robinson, mwalimu, alisema damu ipunguzwe, watu wana shida zao za kutosha. Mwingine alitaka kijana awalaani wauaji kwa hotuba ndefu. Alaso alimshukuru kila mmoja wala hakubadilisha neno.

Kisha akaandika mwanachama aliyejiita Mama Kurasa, mtu wa maneno machache, mwenye adabu. Alisema: "Dada Nyota, usimpe hotuba. Kijana wa hivyo hana pumzi ya hotuba. Atakuwa anaita toto, toto. Na usidhani anamwita mama aliyemzaa. Anamwita dada yake."

Alaso aliyasoma maneno hayo akiwa kwenye cherehani. Mguu ukakanyaga bila yeye kujua, sindano ikamtoboa kidole na kutokea upande wa pili, na damu ikachirizika kwenye kola nyeupe ya sare. Aliitazama tu. Neno lile hakuliandika popote. Aliyelijua alikuwa amesimama karibu kiasi cha kumsikia Emorut akiungua.

Alimtumia yule mama ujumbe wa faragha, kwa upole, akimwomba wakutane waongee mambo ya uandishi. Jibu lilikawia. Hatimaye mama akasema anauza chai na chapati Bumala, karibu na njia panda. Akifika aulize Roselyn. Alaso akatia makasi yake ya kukatia vitambaa ndani ya mkoba. Hakujiambia ni ya nini.

Roselyn alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye unga mikononi na riwaya iliyokunjika kando ya karai. Alimkaribisha mgeni, akamimina chai. Alaso hakuigusa.

"Mimi ndiye huyo toto," alisema.

Roselyn aliweka chini kijiti cha kusukumia chapati. Hakujifanya hakuelewa. Alieleza, akitazama mikono yake, kwamba wakati ule alikuwa Malaba, akiuza petroli ya Uganda kwa chupa kando ya barabara. Mugeni, mwenyekiti wa steji, alimjia na mwenzake, wakanyoosha mkono. Kijana alikuwa amelala pale pale mbele yake, bado anaita toto, akiomba dada yake wa sokoni aitwe.

"Nilijua ni ya nini," alisema Roselyn. "Nilimpa. Niliogopa, nikampa."

Alaso hakukumbuka kufungua mkoba. Makasi yaliingia chini ya bega, yakachomoka, yakaingia tena, safari hii mkononi, yakachana nyama kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Meza ilipinduka, mafuta ya moto yakamwagika mavumbini. Roselyn alianguka kwa magoti wala hakuinua mkono kujikinga, na jambo hilo lilizidi kumtia Alaso wazimu.

Mteja mmoja alitoka mbio akipiga kelele kwamba mama anaibiwa, anauawa. Hapo ndipo boda zilipoanza kuja.

Wa kwanza alimpiga Alaso na helmeti usoni, meno mawili yakatoka. Jiwe likampata ubavuni, akasikia mfupa ukikatika kama kuni. Akiwa chini hakuona watu tena, aliona viatu tu, na viatu vilikuwa na haraka. Mtu alimkalia miguu. Mwingine akasema tairi iko pale kwa fundi, iletwe. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza soda. Alaso alitaka kueleza, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu na mchanga.

Kisha uzito ukamwangukia, uzito laini unaonuka unga na jasho. Roselyn alikuwa ametambaa katikati ya miguu ile akamlalia kifudifudi. Teke lililomlenga Alaso likampata yeye kichwani.

"Ni dada yangu," aliwaambia. "Tumegombana ya nyumbani. Mkitaka kumchoma, anzeni na mimi."

Walisitasita. Walimjua, walikula chapati zake kila asubuhi. Mmoja alitupa jiwe la mwisho bila nguvu, wakarudi kwenye pikipiki zao wakinung'unika.

Walishonwa katika kituo kimoja cha afya, kitanda kwa kitanda. Kwa mdomo uliovimba Alaso alimuuliza kama angeyasema yale mbele ya polisi. Roselyn akakubali.

Alaso hakujua pa kuanzia. Akarudi kundini, akauliza kana kwamba ni hadithi: mhusika ana shahidi, lakini shahidi akisema, nyumba yake itachomwa, je, amtume akaseme? Wengine walijibu kwamba hadithi inahitaji hatari, amtume. Abdulnoor hakujibu pale. Alimpigia simu.

"Hii si hadithi tena, dada, sivyo?" aliuliza.

Akamshauri asiandike zaidi kundini, akawapeleka wote wawili kwa wakili.

Mugeni na mwenzake walikamatwa. Wiki haikuisha kabla kibanda cha Bumala hakijateketezwa, na Roselyn akakimbilia kwa ndugu zake Budalang'i. Kesi ilijikokota. Siku ya Alaso kizimbani, wakili wa Mugeni alimtaka aseme kama si yeye aliyemlazimisha shahidi kwa kumchoma makasi. Alisema ni kweli alimchoma, akaonyesha mwilini mwake mahali alipomchoma. Alisema pia kwamba Roselyn alikuwa amekwisha kukiri kabla ya hapo. Mahakama iliamini, na wale wawili wakafungwa miaka mingi. Mama yake Mugeni alianguka sakafuni akilia, na Alaso akajikuta ametazama kando, kwa sababu kilio kile alikijua.

Hawakuwa marafiki. Roselyn humwandikia mara kwa mara kutoka Budalang'i, akimwambia sentensi ipi ya ile hadithi imelegea na ipi imesimama. Kuna siku Alaso hujibu. Kuna siku husoma tu, akaiweka simu kifudifudi, akaendelea kushona.