Shaba Iliyogeuka Nyeusi

Nilikuwa msaidizi wa labo katika hospitali ndogo ya Uvira, kazi yangu kutafuta malaria na minyoo. Sumu sikuwahi kuitafuta. Kisha akaja mama mmoja mkulima kutoka Runingu, nyayo zinamuwaka kama pilipili, vidole havisikii hata sindano. Jirani walisema amelogwa. Munganga, daktari wetu Mzungu asiyependa kukisia, alimtazama viganja vilivyoota vijinundu vigumu, akaniambia, "Leta mkojo wake. Tutafute arseniki."

Njia yenyewe ilinishangaza kwa urahisi. Unatia asidi kwenye mkojo, unatumbukiza kipande cha shaba kilichosuguliwa, unachemsha. Sumu ikiwemo, shaba inakuwa nyeusi.

Ikawa nyeusi. Lakini mimi nilitaka kujua shaba ingefanya nini kwa mtu mzima wa afya, nikachemsha mkojo wangu. Nayo ikafifia, ikaingia weusi.

"Munganga, miye pia niko na sumu?"

"Miguu inakuwaka?"

"Hapana."

Alichukua maji safi, akatia asidi ileile. Shaba ikawa nyeusi. Tukatazamana.

"Sumu iko mu asidi," akasema, akaimwaga.

Tulingoja siku tisa asidi nyingine ifike kutoka Usumbura. Ilipofika, shaba ilibaki nyekundu kwenye maji, nyekundu kwenye mkojo wangu, na kwa mama pia nyekundu. Munganga aliinamisha kichwa. Nikasema mgonjwa amekula na kunywa hapa hospitali siku zote hizo, labda sumu imebaki kidogo mno. Basi tukakusanya mkojo wa siku nzima, tukauchemsha mpaka ukabaki kidogo chini ya chupa. Safari hii shaba ikaingia kijivu, halafu nyeusi.

Nikaenda kitandani kwake. "Mama, nyumbani maji munaweka mu nini?"

"Mu pipa. Nililipata kwa wachunga ng'ombe, lilikuwa na dawa ya kupe. Nililiosha muzuri."

Mumewe alituletea chupa ya maji ya pipa lile. Shaba ikawa nyeusi hata kabla hayajachemka sawasawa.

Mama aliomba kuishika. "Hii nyeusi ilitoka mu mwili yangu?"

"Ile ya mukojo wa siku nzima, ndiyo. Hii imetoka mu pipa."

"Basi hakuna mutu aliyeniloga."

"Hakuna, mama."

Akaigeuzageuza mkononi. Watu wa nyumbani kwake walilizika pipa. Miezi kadhaa baadaye alirudi akitembea bila fimbo. Vidole viwili tu vya mguu wa kushoto havikupata tena kusikia kitu.