Mwongo Aliyetunyooshea Mizani

Nilipopigiwa simu kwamba fundi wa vipimo wa hapa Masasi amefariki, nilidhani ni utani wake. Angeweza kabisa! Huyu ndiye aliyenipigia kila safu hii ilipotoka, bila hata salamu: "Leo umepunja." Au: "Leo umezidisha." Nilikuwa namkasirikia sana, na sikuwahi kuandika bila kumwogopa.

Msimu mmoja wa korosho nilimsindikiza hadi kijiji cha Mnyambe, kule Newala, akakague mizani ya kielektroniki ya ghala moja. Wakulima walishapanga foleni na magunia yao. Fundi akachomoa waya wa sahani ya mizani, akachomeka kifaa chake mahali pake, akakaa pembeni na kompyuta. Kazi ya kifaa kile ni kuidanganya mizani: ukikitumia amri kutoka kwenye kompyuta, kinaiambia imebebeshwa uzito fulani, nawe unatazama kama itasoma sawasawa. Akatuma amri ya kilo mia. Kioo kikawaka: 96. Na juu ya sahani hakuna hata nzi! "Mwizi huyo! Anapima upepo!" Watu wakamzingira, na mama mmoja, ambaye gunia lake lilikuwa la kwanza, akamkamata ukosi wa shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwizi."

"Basi toa amri wewe. Unataka kilo ngapi?"

"Hamsini."

Fundi akaandika hamsini. Kioo kikasema 48. Mama akang'aka, "Mbona nimesema hamsini?"

"Mimi nimetuma hamsini kamili, mama. Hizo mbili muulize karani."

Macho yote yakamgeukia karani wa ghala. Jasho likimtoka, alikirukia kifaa na kuanza kuminya vitufe vyake. Wapi! Kikiwa kinapokea amri za kompyuta, vitufe hujifunga. "Minya tu, kaka," fundi akamwambia. "Kwa sasa kinamsikiliza mama." Mizani ile ilifungiwa papo hapo, na hakuna gunia lililopimwa mpaka ilipoletwa nyingine. Mama akamwachia fundi ukosi, lakini hakuwa amemaliza: "Na wewe, nani anakupima?"

"Kifaa changu hupelekwa Dar kupimwa kila mwaka. Mimi mwenyewe bado natafuta fundi."

Juzi msibani nilimkuta mama yule, katoka Mnyambe na kapu la mihogo. "Haya, kapata fundi," aliniambia, akacheka, kisha akalia kwa sauti.

Nami nimekuwa nikiwaza. Tumejaa wapimaji nchi hii: makarani, walimu, mashehe, waandishi wa magazeti. Kila mmoja kashika mizani yake na anaudhika akiulizwa ilikaguliwa lini. Fundi yule alidanganya mchana kweupe, mbele ya watu, na uongo wake aliujua mpaka kilo ya mwisho. Sisi wengine tunapunja kwa nia njema, bila kujua, mwaka hata mwaka. Mwenye mizani naye apimwe, hilo ndilo aliloniachia. Safu hii nimeiandika simu ikiwa mezani, nimeisoma mara tatu, na simu haijaita. Nipimeni nyinyi.