Kigari chenye nanga

Wiki hii, kwenye ofisi ya wakimbizi Mombasa, karani alikuwa hamwamini mama mmoja, na bila muhuri wake angerudishwa vitani Kismayo. "Kila mtu husema ametoka kisiwa cha Koyama, huko karibu na Kismayo, mama."

Mama akatoa mkobani kigari cha chuma kilichobanduka rangi, kimefungwa kijiwe kwa uzi. "Babangu alininunulia nikiwa mdogo."

"Na hilo jiwe?"

"Nanga," mama akajibu kwa lahaja ya kisiwani kwake. "Koyama hakuna mchu mwenye gari, mwanangu. Nilijua kila chombo kikifika hutiwa nanga, kisichukuliwe na maji."

Karani akacheka mpaka akavua miwani, kisha akagonga muhuri.

Kiwanda kilichounda kigari hicho ng'ambo, nasikia, kilifungwa zamani. Mafundi wake walifikiria kila kitu ila nanga, na nanga ndiyo iliyomvusha.