Jumbe Nne za Mwashi

Mdogo wangu wa kiume tulimwita Kebo kwa sababu mifukoni hakukosa waya. Riziki yake ilikuwa kutengeneza redio na simu. Ugonjwa wake ulikuwa kompyuta kuukuu aliyoiweka juu ya kabati, inanguruma kutwa. Humo alitutunzia sote wa mtaani picha, barua na namba za simu, kwa programu huria, zile ambazo watu huzitengeneza kwa pamoja na hazina tajiri wa kukufungia mlango. Kampuni kubwa hakutaka hata kuzisikia. "Dada, kwa nini ukalaze vitu vyako kwa mtu usiyemjua?" Mimi niliishia darasa la saba na kazi yangu ni cherehani, lakini hilo nililielewa, nikawa nampigia debe kwa wateja huku nawapima viuno.

Shoga yangu, mpishi wa shule, alikuwa mgumu. Mumewe, mwashi, alifia kwenye kazi ya mbali. Marehemu na kalamu hawakupatana, hivyo kila jioni alimtumia mkewe ujumbe wa sauti. Jumbe nne za mwisho ziliingia wiki ambayo simu ya mkewe ilikuwa mbovu. Ilipopona, mume keshazikwa. Hakuzifungua. Alisema akishazisikiliza ndiyo basi, marehemu hana jipya tena la kumwambia.

Simu ile ilijaa mpaka ikawa inakwama. Mimi ndiye niliyemsakama. Nilimwambia siku itakapotumbukia kwenye sufuria la uji asije kulia mlangoni kwangu. Akacheka, akaileta. Kebo akahamisha sauti zote, akamfungulia chumba chake kwenye mashine, na mimi, kwa kidole changu mwenyewe, nikazifuta kwenye simu ili apate nafasi.

Baada ya miezi mitano diski ya mashine ikakwaruza, ikanyamaza. Kebo hakuhangaika. Kila Jumamosi mashine ilinakili vitu vyetu kwenye diski ya pili, ambayo tuliichomoa na kuirudisha kwenye droo yangu ya zipu. Tukaichomeka. Picha zangu zipo. Harusi ya kinyozi jirani yetu ipo, mpaka wageni waliosinzia. Vya mpishi hakuna. Mashine ilikuwa inafuata orodha ya majina ambayo Kebo aliiandika mwenyewe tangu mwanzo. Chumba alimpa, kwenye orodha alisahau kumtia. Diski iliyokufa tukaipeleka kwa mtaalamu, akaifungua, akatuonyesha mkwaruzo wa duara, akatikisa kichwa.

Kebo alitaka kumwandikia mpishi. Nikamwambia anyanyuke, habari kama hii haitumwi, inapelekwa kwa miguu.

Tulimkuta jikoni shuleni anafuta meza. Kebo alieleza yote, hakujitetea, hakusingizia umeme. Nilingoja shoga yangu atutukane, ningeshukuru. Aliendelea kufuta pale pale palipokwisha kutakata.

"Zile nne ulizisikiliza?" akauliza.

"Mwanzo tu, dada. Kuhakikisha zinafunguka."

"Niambie huo mwanzo."

Kebo akafumba macho. Wa kwanza, alisema, mwashi anakohoa, halafu anasema ukuta umefika dirishani. Wa pili anauliza kama maji yamerudi. Wa tatu anaanza kwa kucheka.

"Anacheka nini?"

"Sijui, dada. Nilizima hapo."

Mpishi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kebo alipofungua mdomo kuendelea, mpishi akanyoosha mkono uliolowa kumzuia.

"Wa nne usiniambie. Ukae kwako kwanza."

Watu walikuja mmoja mmoja kuchukua vitu vyao. Wengi walirudi kwenye kampuni kubwa, na mimi nikawa nawapima viuno tu, debe nimeliweka chini. Mpishi bado anashonesha kwangu. Akimkuta Kebo kibarazani wanaulizana hali, wanaongea habari za mvua na bei ya betri. Ule wa nne hajamuuliza. Na Kebo, hata mimi dada yake, hajaniambia mwashi alianzaje.