Maji Matamu ya Injini

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kushika diploma, na hakuna aliyenishika mkono. Mifugo ya baba ilipokufa Kakuma, nilipanda lori la magunia hadi Kitale, nikaosha magari mchana na kusoma jioni, mpaka chuo cha ufundi Mombasa kikanipokea. Nilirudi Turkana katikati ya miaka ya sabini nikiwa fundi wa injini za boti, na wafugaji waliokuwa wakinicheka wakaanza kunisalimu kwanza.

Ofisi ya uvuvi ya Lodwar ilinipeleka Kerio, kando ya Ziwa Turkana. Shangazi yangu alikuwa amehamia huko na mbuzi wachache waliosalia, na mwanawe alikuwa nahodha wa boti pekee yenye injini. Samaki walikuwa wameuhama ufuko. Nyavu zilitegwa mbali sana, huwezi kupiga kasia ukafika na kurudi kabla ya upepo. Injini ikifa, nyumba ya shangazi haili.

Kila asubuhi niliikagua mwenyewe: plagi, oili ya gia, rafadha inayosukuma boti isiwe imenasa uzi wa nyavu. Lakini adui alikuwa ziwa lenyewe. Maji yake yana magadi. Injini huyavuta ili ipoe, na yakikauka ndani huacha ukoko mweupe unaoziba njia. Dawa ni moja: ikirudi, izamishwe kwenye nusu pipa la maji matamu, iungurume humo mpaka isafike. Kutoka Lokori hadi Kakuma hakuna aliyelijua hilo kama mimi.

Kule Eliye Springs maji matamu hububujika yenyewe, wageni wakaoga watakavyo. Kwetu wanawake waliyafukua katika mchanga wa mto uliokauka, bakuli kwa bakuli.

"Nusu pipa?" shangazi aliuliza. "Mwana wa kaka yangu, ulikaa pwani miaka yote hiyo ili ujifunze kwamba chuma kina kiu?"

"Kina kiu, shangazi. Nacho ndicho kinachokulisha."

"Basi kinywe kwanza, mbuzi wamalizie."

Tulijaribu. Injini ikanguruma ndani ya pipa, maji yakabaki na utando wa oili. Mbuzi walinusa, wakarudi nyuma.

"Umeona?" alisema. "Hata wenye njaa wamekataa makombo yako."

Wanawake walicheka, nami nikacheka. Lakini kiangazi kilizidi, mashimo yakawa marefu kuliko mtu, na wao wakaacha kuleta maji ya pipa. Sikuwalaumu. Niliomba Lodwar pampu mpya ya kuvuta maji ya kupoza injini. Jibu likawa nisubiri. Nikafungua ile ya zamani, nikakwangua njia kwa waya, nikamwambia nahodha autazame ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini: ukipungua, injini haipoi.

"Leo ni mwembamba kama mkojo wa mzee," aliniambia siku moja.

"Basi usiende mbali."

"Samaki wako mbali, ndugu yangu. Nitawaita waje?"

Alikwenda. Injini ilipata joto kupita kiasi karibu na nyavu, ikakwama. Upepo ulipoanza yeye na wavuvi wake walikata nyavu ili boti iwe nyepesi, wakapiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Walifika wazima, mikono mitupu.

Niliifungua injini mbele ya watu wote. Ukoko mweupe ulijaa kila njia, vilevile nilivyokuwa nimewaeleza. Nani mwingine pale angeweza kutabiri hivyo? Shangazi alichukua kipande akakigusa kwa ulimi.

"Magadi," alisema. "Ulisema kweli."

"Nilisema."

"Na kama tungekipa chuma chako maji, sisi tungekunywa nini?"

Niliendelea kufuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. Vitabu vyangu vyote vilidhani maji matamu yapo.

Pampu haikuja, wala injini nyingine. Shangazi na majirani walipofunga mizigo kwenda Lodwar kupanga foleni ya mahindi ya msaada, aliniomba kifuniko cha ile injini iliyokufa, chenye kina kama beseni. Nikampa. Alikisugua kwa mchanga, akakigeuza, akammiminia humo mbuzi wa mwisho maji ya safari.

Mbuzi alinusa, kisha akanywa yote.