Medali ya Nyanya wa Chini

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikimpeleka Mama dukani mtaa wa Frogtown, hapa Minnesota, kununua unga, na tulipofika karibu na jengo letu la zamani akaniambia, "Simamisha gari hapo kidogo." Nikasimama. Wamelipaka rangi ya kijivu, na ule mlango wa mbao umeng'olewa. Nadhani sote wawili tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja.

Ngoja nikusimulie. Mimi na Mama tuliishi ghorofa ya juu, na chini yetu aliishi mwanamke mzee aliyetoka Urusi, tukamwita Nyanya wa Chini. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Golden Valley, huku akisomea unesi. Alitoka na gari asubuhi na mapema akarudi jioni, kwa hiyo mimi nikitoka shule nilishukia kwa Nyanya. Nyumba yake ilinukia supu ya viazisukari vyekundu na bizari. Mabomba ya joto yalikuwa yakigonga ukutani kama mtu anayebisha hodi, naye aliyajibu kwa kuyagonga na kijiko. Kazi yangu ilikuwa kukausha vyombo. Yake, baada ya supu, ilikuwa kuzunguka jengo zima na kikopo cha mafuta akipaka bawaba za milango. Hakuna mlango uliolia katika jengo lile.

Zamani alikuwa fundi wa ndege za vita. Wakati wa vile vita vikubwa vya pili vya dunia, akiwa msichana tu, alipelekwa kwenye uwanja wa ndege uliozungukwa na theluji. Jioni walikuwa wakimwaga oili yote ya injini isigande, alfajiri wanaipasha moto na kuimimina tena. Chuma kilikuwa baridi hadi kinanasa ngozi, na ncha ya kidole chake kimoja ilibaki huko. Watu wa Minnesota walipolalamikia baridi, yeye alicheka tu.

Medali yake aliiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, pamoja na vifungo vya nguo. Ilikuwa ya duara, rangi ya fedha, na utepe wa kijivu wenye mistari ya manjano. Vifungo niliruhusiwa kuchezea. Medali, hapana. Wala yeye mwenyewe hakuivaa, hata mwezi wa Mei, wenzake wa vitani walipokutana kukumbuka ushindi wakiwa wamejaza medali vifuani.

Sasa, mwaka nilipokuwa darasa la nne, Mama alirudi mchana mmoja kabla ya muda wake. Nilisikia hatua zake ngazini, nikapanda kumfuata, Nyanya nyuma yangu. Tulimkuta ameketi sakafuni, bado amevaa koti. Mzee mmoja ambaye Mama alimpenda sana alikuwa amekata roho asubuhi ile, Mama akiwa chumba cha pili akimgeuza mgonjwa mwingine.

"Sirudi tena," Mama alisema. "Na hayo masomo ya unesi nimeyaacha. Nilipaswa kuwa pale!"

Hakuna aliyemlaumu kazini. Alijilaumu mwenyewe, na hiyo ndiyo lawama isiyo na mtu wa kukutetea. Nyanya aliketi sakafuni kando yake, magoti yakilia, akaanza kuongea kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Kazi yako ulifanya?"

"Nilifanya."

"Mimi pia. Rubani wangu nilimfunga mikanda mwenyewe. Injini niliisikiliza, ilikuwa nzuri. Akaruka. Hakurudi." Akatazama mikono yake. "Niliuliza miaka mingi: ni nati ipi ililegea? Hakuna aliyejua. Labda haikuwa nati yoyote. Lakini asubuhi yake kulikuwa na ndege nyingine, na rubani mwingine anasubiri. Mikono ilitetemeka. Nikafanya kazi ikitetemeka hivyo hivyo. Baridi ilipokwisha wakanipa medali, kwa ajili ya ndege zote zilizoruka. Mimi nikamfikiria yule mmoja."

Mama alimshika mkono. "Pole, Nyanya," akasema kwa Kiswahili. "Pole sana."

Nyanya akanigeukia. "Anasema nini?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kujibu kila kitu kwa Kiingereza, na siku ile Kiingereza kikaniishia. Mwishowe nikamwambia: ni kama kusema, huo mzigo wako nipe upande mmoja tubebe. Akalirudia lile neno polepole, akilionja: "Pole." Machozi yakamtoka. Sidhani kama kuna mtu aliyekuwa amempa pole ya rubani yule, miaka yote hiyo.

Mama alirudi kazini. Aliendelea na masomo, akasoma akiwa na usingizi, akasoma akipika ugali. Siku ya kuhitimu kwake, Nyanya alikuja amevaa koti lake la sufu, na medali iko nje, kifuani, inang'aa. Mwalimu mmoja akamuuliza ameipataje. "Nilitengeneza ndege," akajibu, "na nyingi zilirudi." Nilikuwa sijawahi kumsikia akilisema hilo neno, nyingi.

Alituacha miaka michache baadaye, kwa utulivu, na Mama alikuwa kando ya kitanda chake. Medali ilichukuliwa na mpwa wake anayeishi mbali. Wale wenzake wa mwezi wa Mei nao wamekwisha mmoja mmoja, na lugha yao siisikii tena kwenye ngazi yoyote.

Siku hizi tunakaa Eden Prairie, ambako mtu anaingia na gari hadi ndani ya nyumba na jirani humwoni mpaka theluji iyeyuke. Kwa muda mrefu nilidhani utoto kama wangu umetoweka kabisa. Lakini juzi nilipika mandazi mengi kupita kiasi, nikamtuma binti yangu ayapeleke kwa yule mama mzee wa nyumba ya pili, ambaye hata jina lake silijui. Akakaa huko, akakaa. Chakula kikapoa mezani. Nikasogea dirishani nimwite, nikasikia wanacheka, nikaacha.