Salamu za Yvette

Gracien wa Bwera ni mtu wa masikio. Mpelekee wimbo uliobanwa mpaka unakwaruza, atakurudishia simu yako kabla haujafika katikati. Kwaya za Kasese na za ng'ambo ya mpaka, Kongo, humletea nyimbo azipandishe mtandaoni, na wote wanaujua ukali wake.

Mkewe, Yvette, alirekodi wimbo mmoja tu maishani. Aliurekodi na kwaya yake mjini Kasese, na mwezi haukuisha homa ikamchukua. Gracien hakulia. Alikula alipopewa, akafungua kibanda chake cha nyimbo, akafunga. Moyo ulikufa ganzi, na ule wimbo hakuthubutu kuusikiliza.

Basi kwaya ikaomba upandishwe, ndugu walio Beni, kule Kongo, wamsikie marehemu. Faili ilitoka studio ikiwa WAV, sauti isiyobanwa, zigo zima, na tovuti inataka MP3 isiyozidi megabaiti kumi. Akaigeuza, bado ikazidi. Angeibana zaidi ingepita, lakini sauti ya Yvette ingetoka kama mtu aliye ndani ya debe. Hilo, hapana. Sasa, nyimbo za huku si tunazijua? Maneno yakiisha gitaa linaendelea, na mwimbaji anasalimia watu kwa majina: padri, wafadhili, mashangazi, mpaka uchoke wewe. Gracien akazima spika, akatazama mawimbi ya sauti kwenye kompyuta, akakata mkia wote. Faili ikapita. Kompyuta ilikuwa imejaa, akalifuta lile zigo kama afanyavyo kwa kila kwaya. Studio nao hufuta kazi ikishachukuliwa.

Wimbo ukavuma hadi Butembo. Watu wakasifu jinsi ulivyo safi, naye akaitikia tu.

Jumapili moja akavuka mpaka Elise, mdogo wake Yvette, aliyeimba naye siku ile. Akauliza mbona salamu hazimo.

"Shemeji, salamu yako weye, ile ya mwisho, iko wapi?"

Gracien akasema hakujua kama ametajwa. Elise akamtazama, mtu na masikio yake hayo. Akamweleza kwamba dada yake aliwapitia wengine wote mbiombio, kisha akamwambia mpiga gitaa apige polepole, anataka kumsalimia mume wake.

"Alisema nini?"

Elise akafikiri sana. Maneno hakuyakumbuka. Alikumbuka tu kwamba kwaya nzima ilicheka, na Yvette mwenyewe akacheka.